Uzi: Nilitandaza vitabu chini kama mtumba wa Mwanjelwa, wanafunzi wakaanza kugombania. Wazazi na walimu, njooni

Turubai la Bluu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku Mbeya baridi imeanza kung'ata, nimejifunika blanketi na chai ya tangawizi iko pembeni, nikasema leo nitoe la moyoni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya kata, pembezoni mwa jiji. Shule siitaji, maana nahisi mkuu wangu naye yumo humu, na anasoma kila kitu isipokuwa maombi yangu ya chaki.

Kila kikao cha wazazi wimbo ni uleule: "Mwalimu, mwanangu hapendi kusoma, yeye ni simu tu." Miaka saba nimeuitikia. Natikisa kichwa, nasema ndiyo mama, watoto wa siku hizi. Mwaka jana ndipo nilipoanza kujishuku mwenyewe.

Shuleni tuna stoo. Ndani yake kuna maboksi ya vitabu vya hadithi, mengine nilipangiwa kazi nikayakuta. Havitoki, kwa sababu kitabu kikipotea mwalimu mwenye ufunguo ndiye anayelipa. Kwa hiyo vinalindwa vizuri sana, na wasomaji wake wakubwa ni panya. Siku hiyo naingia kutafuta globu, namkuta kijana wa kidato cha pili, wa dawati la mwisho, ambaye kwenye ripoti nilishamwandikia kwa mkono wangu "hana mwamko wa kusoma". Alikuwa ametumwa jembe. Jembe limelala chini, yeye kachuchumaa kwenye kona, anasoma. Nikanyata. Kumbe ni kijitabu cha matunzo ya injini ya trekta, jalada limetoka, sijui kilifikaje pale. Nikamuuliza, unaelewa humo? Akaanza kunieleza pampu ya dizeli inavyofanya kazi mpaka kengele ikalia. Kwao wana gereji ya pikipiki.

Nilirudi ofisini nimenyamaza. Huyu ndiye niliyemlazimisha riwaya ninayoipenda mimi, akaniandikia ufupisho wa kurasa mbili alioukopi kwa mwenzake, nikamjazia wino mwekundu.

Jumamosi yake nikaenda soko la Mwanjelwa kutafuta sweta. Mnajua belo linavyofunguliwa pale. Hakuna anayemwambia mteja "wewe leo utavaa hili". Turubai linatandazwa, mnadi anapaza sauti, mtu anashika, anaipima kifuani, anairudisha, anashika nyingine. Na anayenadi hataji pamba asilimia ngapi. Anasema "hii mwenyewe aliiacha huku analia!" Nilisimama pale nikasahau sweta.

Nikamwendea mkuu. Akakubali kwa sharti kwamba vikipotea nalipa mimi. Ijumaa kipindi cha mwisho nikaja na turubai letu la bluu la kuanikia mahindi, nikalitandaza chini ya mti. Vitabu 43 vya stoo, vyangu vya nyumbani, vichache nilivyookota kwa muuza vitabu vya mitumba, magazeti ya michezo ya wiki iliyopita, vijitabu vya bwana shamba kuhusu viazi na parachichi, na kile cha trekta. Nikawaambia: shika chochote, soma ukurasa mmoja palepale. Kikikuchosha rudisha, sitakuuliza kwa nini. Hakuna ufupisho, hakuna maswali kumi. Atakayekipenda kitabu, wiki ijayo anakuja kukinadi.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Wote walikimbilia vyembamba. Wavulana wakagombea gazeti la michezo mpaka likachanika. Nikatamani ardhi ipasuke.

Wiki ya pili akasimama binti mmoja ambaye darasani hata jina lake hulisikii, akashika kitabu juu: "Jamani, humu kuna bibi anaishi na fisi ndani, kijiji kizima hakijui. Nimefika pale mgeni anapiga hodi usiku. Sisemi zaidi." Akakaa. Vidole vikanyooka vinne kwa mpigo. Mimi nilishakisifia kitabu hichohicho darasani mara mbili kwa maneno mazuri, dhamira na maudhui, na hakuna aliyepepesa jicho.

Sasa kinachotesa shule nzima ni kitabu kimoja kisicho na jalada. Jina hatulijui. Kinaanzia ukurasa wa 7, kinaishia ukurasa wa 112 katikati ya sentensi. Ni habari ya utingo wa lori linalotoka Tunduma kwenda Dar, anakuta barua imefichwa kwenye tairi la akiba. Ukurasa wa mwisho tulio nao unaishia: "Akapanda, akafunua turubai, na ndani yake akaona". Basi. Wanaosubiri zamu wamejiandikisha kwenye daftari, na waliomaliza wanabishana alichokiona.

Nimeandika mengi. Swali langu kwenu: wenye watoto wa umri huu, darasa la sita, la saba, kidato cha kwanza na cha pili, mmefanya nini kikafanya kazi? Na nini kiligoma?

---

Nimekaa Pale

Siti ya mbele kabisa, karanga ninazo. Lakini mkuu, utingo aliona nini?

---

Mama Wawili Uyole

Shikamoo mwalimu, nakuamkia japo umri wako siujui. Mimi nina binti wa darasa la sita. Nilimwagizia vitabu Dar, vyenye picha za rangi, hela niliyotoa nikikumbuka naumia. Viko kabatini kama vyombo vya wageni. Sasa wewe una turubai na darasa zima, mimi nina mtoto mmoja na jiko la mkaa. Nifanyeje?

---

Mzee wa Kitonga

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mnawadekeza hawa watoto. Sisi kitabu ulipewa, ukasoma, ukaulizwa, usipojua ulichapwa. Na tulijua kusoma. Mtihani wa kidato cha pili haupimi mapenzi. Mwenye njaa hachagui mboga.

---

Turubai la Bluu

Mama Wawili, marahaba, ingawa huenda mimi ndiye wa kukuamkia. Subiri, humu kuna wajuzi kuliko mimi.

Mzee wa Kitonga, nakubali kwamba mlijua kusoma. Lakini nikuulize kwa heshima, ukitoa vile vya kuchapiwa, ulisoma kipi ukiwa na umri huo ambacho bado unakikumbuka?

---

Mzee wa Kitonga

Hilo ni swali la mtego.

---

Nimekaa Pale

Mzee jibu bana 😂

---

Mzee wa Kitonga

Haya. Yule mpelelezi, Willy Gamba. Wa Elvis Musiba. Kile cha kwanza kilitoka 1974, bweni zima tulikuwa na nakala moja, tunasoma kwa tochi ndani ya blanketi. Mwenye betri ndiye alikuwa mfalme. Mwalimu wa zamu alituchapa kwa sababu ya hicho kitabu, si kwa kutokisoma. Mmefurahi sasa?

---

Mkutubi Mstaafu

Kamwene. Nipo Iringa, nimefanya kazi ya maktaba maisha yangu yote, sasa nalima bustani. Huyo mzee ametusaidia kuliko anavyodhani. Watu wengi wanaopenda kusoma ukiwabana watakutajia kitabu walichokificha.

Mama wa Uyole, nianze na wewe. Mtoto ukimuuliza "unapenda vitabu gani" atakujibu "vyovyote", na maana yake ni "nipishe". Mimi pale mezani nilikuwa nauliza mengine kabisa. Mara ya mwisho ulichelewa kulala ukifanya nini? Ukiwa na marafiki mnabishania nini? Unaogopa nini lakini unapenda kukisikia? Mmoja akaniambia anapenda kusikiliza kesi za baraza la kata kupitia dirishani. Nikampa hadithi ya upelelezi, akarudi kesho yake kuuliza kama zipo nyingine za namna hiyo. Binti yako anafanya nini bila kutumwa?

Pili, ugumu. Mwambie afungue ukurasa wa katikati, asome kimya. Kila neno asilolijua anakunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kingoje mwaka mwingine. Asipokunja hata kimoja, usimnyang'anye ukisema ni cha watoto. Vitabu vyepesi ndivyo vinavyompa mtoto mbio. Na akirudia kitabu kilekile mara ya tatu mwache arudie. Wewe wimbo unaoupenda unausikiliza mara ngapi?

Tatu, akipenda kimoja usimletee tofauti "ili apanue mawazo". Mletee ndugu yake: mwandishi yuleyule, au mhusika yuleyule. Mawazo yatapanuka yenyewe akishakuwa na uchu.

Na kuhusu namna vinavyokaa: kitabu kilichoonyesha mgongo tu rafuni ni mtu aliyekupa kisogo. Geuza majalada yatazame watu. Mwalimu wa turubai umelijua hilo bila kusomea ukutubi, nakupa hongera.

Msisahau pia maktaba za mikoa. Bodi ya Huduma za Maktaba ipo tangu 1963, Mbeya wana maktaba ya mkoa, Iringa tunayo. Mpeleke mtoto Jumamosi, mwache azunguke peke yake, wewe kaa usome gazeti. Mama ukimfuata nyuma ukimwambia "hiki kizuri, hiki kizuri", umeharibu.

---

Mama Wawili Uyole

Mkutubi umenisema waziwazi, ni mimi huyo. Binti bila kutumwa anasuka. Anasuka wanasesere, anasuka watoto wa jirani, juzi kaninyang'anya kichwa changu mimi nikiwa nimesinzia.

---

Mkutubi Mstaafu

Basi tafuta chochote chenye nywele. Gazeti la mitindo, hadithi ya msichana mwenye saluni, hata karatasi ya maelekezo ya dawa ya nywele. Usicheke, nasema kweli. Halafu muombe akusomee kwa sauti wakati anakusuka. Wewe utakuwa umekaa, huna pa kwenda.

---

Tichaa wa Njombe

Wakuu, mimi nafundisha Kiingereza, kwa hiyo nitasema lile ambalo wote mnalizunguka. Mtoto anamaliza shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Ni miezi michache tu inayotenganisha hapo. Ndipo tunampa riwaya ya Kiingereza yenye maneno ambayo hata mimi nafungua kamusi. Kwa kipimo cha vidole vya Mkutubi, mtoto anamaliza mikono, miguu, na anaazima ya jirani. Halafu tunaandika "hapendi kusoma". Mtoto anapenda, ila tumempa mfupa kabla hajaota meno.

Ninachofanya mimi: kipindi kikibaki dakika kumi nawasomea kwa sauti. Nachagua hadithi fupi za Kiingereza chepesi, naigiza sauti, na nikifika mahali patamu nafunga kitabu natoka. Wananifuata mpaka ofisini. Kitabu naacha juu ya meza makusudi. Mara nyingi nikirudi sikikuti, na sijawahi kuuliza nani amekichukua.

Na Kiswahili wasome kwa wingi bila kuonewa haya. Kuna wazazi wanadhani kila hadithi ya Kiswahili inapunguza alama za Kiingereza. Mtoto asiyejua raha ya kusoma kwa lugha anayoielewa ataitoa wapi kwa lugha asiyoielewa?

---

Kichwa Ngumu wa Soweto

Hapo kwenye Willy Gamba mbona mnapapita haraka? Mle kuna bunduki na wanawake. Mtoto wa miaka 13? Mimi mwanangu hapana.

---

Mkutubi Mstaafu

Swali zuri, na sina jibu la mstari mmoja. Hivyo viliandikwa kwa watu wazima, na mimi kwa darasa la sita nisingempa. Kwa kidato cha pili ningetazama mtoto na ningezungumza na mzazi. Kanuni yangu ilikuwa hii: mtoto akija na kitabu nisichokuwa na uhakika nacho, nasoma mimi kwanza, halafu tunakizungumza kama watu wawili waliokisoma. Ukimnyang'anya bila kukisoma, umekitangaza. Muulizeni Mzee wa Kitonga.

---

Mzee wa Kitonga

Mniache jamani.

---

Binti wa Rungwe

Ndaga fijo kwa huu uzi. Mimi ni wa baiolojia, na ninachotaka kusema ni kwamba mnasema "vitabu" mkimaanisha hadithi. Nina wanafunzi hadithi ya kubuni haiwaingii hata uwape dhahabu. Wanataka cha kweli.

Nilikuwa na wavulana watatu wa namna hiyo. Nikawaletea makala niliyoiandika upya mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, kuhusu kipunji. Kwa msiomjua, ni nyani wa milimani kwetu, Rungwe na upande wa Kitulo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote, watafiti wakadhani ni simulizi tu. Wakaja kumfuatilia, mwaka 2005 wakatangaza kwa dunia kwamba ni aina mpya, na 2006 wakakuta ni wa pekee kiasi kwamba akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la peke yake, yenye jina la mlima wetu, Rungwecebus. Jenasi mpya ya nyani wa Afrika ilikuwa haijatangazwa tangu 1923.

Wale wavulana walisoma wakabishana: sasa nani alimgundua, watafiti au babu zetu? Mmoja akaenda kumuuliza babu yake. Akarudi na kurasa tatu alizoziandika mwenyewe, hakuna aliyemwagiza. Kurasa hizo sasa ndizo wenzake wanazoazimana. Kwa hiyo mwalimu wa turubai, kile kijitabu cha trekta kiweke mbele, usikifiche nyuma ya riwaya.

---

Turubai la Bluu

Dada wa Rungwe, kiko mbele, na kimeanza kutoka nyuzi. Yule kijana alikinadi wiki ya tatu kwa dakika sita, darasa zima kimya. Naomba hiyo makala ya kipunji.

---

Kalenga Damu

Naunga mkono hoja ya babu. Hapa kwetu Iringa watoto wanapita barabarani kwenye mnara wa Lugalo, wanajua tu kuna Mjerumani alikufa. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza alikuwa haambiliki kuhusu vitabu. Nikampeleka Kalenga makumbusho akalione fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa 1954. Nikamsimulia njiani: tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wamelala majanini kimya, msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, unapita, wazee wanasema walimwita Nyundo. Nikaishia hapohapo, nikamwambia mimi sijui zaidi, iko kwenye vitabu. Uongo wa mchana huo! Lakini alinisumbua wiki nzima nimtafutie. Alichosoma kilikuwa kigumu, cha wakubwa, na alikunja vidole vyote kumi wala hakujali.

---

Mkutubi Mstaafu

Hapo Kalenga amenivunjia kanuni yangu ya vidole, na ana haki. Uchu ukiwa mkubwa ugumu hausikiki.

---

Turubai la Bluu

Wakuu, nimerudi na taarifa, pamoja na yale yaliyogoma, msidhani huku ni sherehe tu.

Vitabu viwili vilipotea. Nikajiandaa kulipa. Kimoja kikaletwa na mama mwenye genge la nyanya, kimefungwa kwenye gazeti, anaomba radhi kwamba mtoto alishamaliza zamani, yeye ndiye alikuwa hajamaliza. Nikampa kingine. Cha pili hakijaonekana, nimelipa, na moyoni sina kinyongo nacho.

La uchungu ni hili. Kuna kijana kila Ijumaa alikuwa anashika, anafungua, anarudisha. Shika, fungua, rudisha. Nikajisifu kwamba nimempa uhuru wa kuchagua. Wiki ya tano nikakaa naye chini ya mti, nikamwomba anisomee mistari miwili. Anasoma kwa kutamka silabi, kidole kwenye mstari, jasho linamtoka. Kidato cha pili. Amefika hapo kwa kukariri na kusikiliza, na sisi walimu wake wote hatukujua. Huyo turubai halimsaidii kitu. Nimeanza kukaa naye dakika ishirini kila siku. Nina kishikwambi, vile tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022, nimepakulia hadithi za Kiswahili za African Storybook ambazo ni za bure. Nyingi ni za watoto wadogo, niliogopa ataona nimemdharau. Nikamwambia nahitaji mtu wa kunisaidia kuzichagua kwa ajili ya mdogo wangu wa darasa la pili. Sasa anazisoma kama kazi ya ofisi, na kila hadithi anaitolea hukumu: "Hii mdogo wako ataikataa, mwalimu, sungura hana akili." Mdogo wangu wa darasa la pili hayupo, lakini msimwambie.

---

Tichaa wa Njombe

Hiyo ya mdogo wako naiiba. Na mwangalieni macho pia. Mimi niliwahi kumwita mtoto mvivu wa kusoma kumbe ubao wenyewe haoni.

---

Mama Wawili Uyole

Taarifa kutoka jikoni: binti amenisuka, amenisomea gazeti la mitindo lote, akafika mwisho akakuta hadithi ya mfululizo ya mapenzi, "itaendelea toleo lijalo". Nikajifanya nimelala ili asiache. Amesoma mpaka mwisho, halafu akaniuliza toleo lijalo linatoka lini. Sijui kama hadithi yenyewe ni ya umri wake, Mkutubi, kwa hiyo toleo lijalo nitasoma mimi kwanza. Ndivyo nitakavyomwambia. Ukweli ni kwamba na mimi nataka kujua kama yule kaka atarudi.

---

Nimekaa Pale

Jamani, uzi unakwenda na hakuna aliyenijibu kuhusu utingo.

---

Mzee wa Kitonga

Nilikuwa nimeapa sirudi humu. Lakini nimekuwa nikikiwaza hicho kitabu tangu siku ile. Tunduma kwenda Dar, barua kwenye tairi la akiba, na kuna mama ntilie wa Makambako anayemuuzia utingo chai kwa mkopo. Ndicho?

---

Turubai la Bluu

Mzee! Huyo mama yupo ukurasa wa 58!

---

Mzee wa Kitonga

Basi nakijua. Mimi nilikuwa utingo barabara hiyohiyo kabla sijapewa usukani, nilikinunua stendi nikakisoma Kitonga pale gari lilipotulaza siku mbili. Nadhani ninacho kwenye sanduku, jalada na mimi sina. Kwenye lori ndani yake anaona

---

Turubai la Bluu

MZEE USITHUBUTU. Wanafunzi wangu watatu wamo humu kwa simu za kaka zao.

---

Nimekaa Pale

Mzee nitumie kwa siri tafadhali 🙏

---

Mzee wa Kitonga

Simtumii mtu. Nimelipata sanduku. Kurasa za mwisho zipo zote, kuanzia 113 mpaka 131. Nakala yangu siitoi, nimeishi nayo miaka mingi, lakini nimempa kijana wa stesheneri hapa Ilula azitolee kivuli. Nampa kondakta wa basi la kesho. Mwalimu nenda stendi ya Nane Nane jioni.

---

Turubai la Bluu

Wakuu, bahasha imefika. Mzee ameifunga kwa gundi, akazungushia uzi wa katani, na juu kaandika kwa kalamu nyekundu: ASIYEFIKA UKURASA WA 112 ASIGUSE.

Nilidhani nitabebwa juujuu. Nimeionyesha Ijumaa, ukatokea ugomvi ambao sijauona shuleni kwetu tangu kuvunjwa kwa dirisha la maabara. Waliomaliza wanataka ifunguliwe palepale. Walio kwenye foleni wanasema ikifunguliwa siri itavuja kabla hawajafikiwa. Na kuna kundi la tatu, ambalo sikulitegemea, linaloongozwa na yule binti wa fisi. Wao kila mmoja ameshaandika mwisho wake, iko miisho tisa, na wanadai yote isomwe kwanza chini ya mti kabla ya ule wa kwenye bahasha, ili ijulikane nani alikaribia. Wameitisha kura Ijumaa ijayo. Kiranja ameshatengeneza sanduku kwa boksi la sabuni.

---

Mzee wa Kitonga

Huyo binti ana akili. Na wewe mwalimu, umeshaifungua?

---

Turubai la Bluu

Mzee, nimeiinua mbele ya taa tu. Karatasi ni nzito, haionyeshi.